Gavana wa Jenereta

Nchi ninayotaka kuwasimulia haimo katika ramani yoyote, na msomaji akiona inafanana na ya kwake, hayo ni yake na majirani zake. Mimi ni mshona nguo. Siasa siijui. Naijua sindano, naujua upana wa kiuno cha kiongozi kabla na baada ya kuteuliwa, basi. Mengi ninayoyasema hapa niliyaona kwa macho yangu, na ambayo sikuyaona niliambiwa na jirani yangu Mhandisi Nyamizi Kaswaga, mwanamke asiyejua kusema uongo, na hicho ndicho kilichomponza.

Nyamizi alikuwa mkuu wa kituo cha kufua umeme kilichoko chini ya bwawa, juu kidogo ya mji wetu. Kituo kilikuwa na jenereta moja tu, kubwa kama nyumba ya vyumba viwili, inayozungushwa na maji. Hiyo moja ndiyo iliyowasha jimbo zima: kiwanda cha saruji, hospitali, mashine za kusaga, cherehani yangu. Yeye mwenyewe alikuwa mfupi, na sauti yake nzito ilikuwa ya mtu aliyezoea kuongea kando ya mashine. Nilikuwa namshonea ovaroli, na kila alipokuja kupimwa alikaa kibarazani kwangu akanieleza mambo ya kazini, nami nikayaelewa nusu.

"Mama Shani," aliniambia siku moja, "gavana yetu inaninyima usingizi."

Ndivyo mafundi wanavyokiita kile kifaa. Gavana imefungwa ubavuni mwa mtambo na kazi yake ni kuuchunga mwendo. Mtambo ukitaka kukimbia, gavana inabana milango ya maji. Ukizubaa, inaiachia.

"Kwani ukikimbia kuna ubaya gani?" nikamwuliza. "Si ndiyo tutapata umeme mwingi?"

Nyamizi aliniangalia kwa upole, kama mtu anavyomwangalia mgonjwa. "Umewahi kusukuma mlango kwa bega, mtu akaufungua kwa ndani?"

"Nimewahi. Niliangukia meza ya shemeji yangu, na chai ikiwa juu."

"Basi maji ndiyo yanayosukuma, na mji ndio unaoshikilia mlango kwa ndani. Kila taa inashikilia, kila mashine inashikilia. Siku mji ukiachia ghafla, mtambo unaruka. Unazunguka mpaka unajipasua wenyewe, na vipande vyake vinapita ukutani kama vile ukuta ni karatasi. Cha kuuzuia ni gavana, na yetu imechakaa. Inakwama. Nimeomba mpya mpaka nimechoka kuomba."

Akasema safari hii atasimama mbele ya Baraza la Jimbo, mbele ya wakubwa wote, aseme kwa mdomo wake. Nikamwambia ni vizuri, maana wakubwa wetu ni wasikivu. Hilo ni kweli. Wanasikia hata ambayo hayajasemwa.

*

Katika Baraza nilialikwa kwa kuwa mito ya viti niliishona mimi. Mbele kabisa aliketi Mheshimiwa Barnabas Tindwa, Gavana wa Jimbo letu, mtu mnene aliyeshika wadhifa huo kwa muda mrefu hata watoto walidhani Tindwa ni jina la cheo. Wakuu wa idara walisimama mmoja mmoja kumweleza hali. Mganga Mkuu alisema magonjwa yamepungua kwa sababu yanaogopa. Mkuu wa Elimu alisema wanafunzi wamefaulu kabla ya mtihani, hivyo mtihani umefutwa. Kila mmoja alipigiwa makofi, naye Mheshimiwa akatikisa kichwa huku akinywa sharubati.

Nyamizi aliposimama, hakuwa na mengi.

"Mheshimiwa, nitasema kwa ufupi. Gavana imechoka. Imefanya kazi miaka mingi bila kuguswa, na sasa inakwama. Jambo likitokea, inachelewa kuelewa. Tusipoiondoa mapema na kuweka mpya, iko siku itatuua sote."

Ukumbi ulinyamaza hata nikasikia barafu ikigongana ndani ya bilauri ya Mheshimiwa. Mkono wake ulikuwa umesimama katikati ya meza na mdomo. Nyuma kabisa mtu mmoja alipiga makofi mara moja, akajikumbuka, akaacha. Mtu huyo hatujamwona tena. Nasikia alihama.

Nyamizi alitazama kulia na kushoto, asijue amekosea wapi. "Nina maelezo ya kitaalamu," akasema, "kama Baraza litapenda kujua inakwama wapi hasa."

Askari wawili walimshika mikono, kwa heshima zote, wakamtoa.

*

Aliyemhoji alikuwa Bwana Shekoloa, Afisa Usalama wa Jimbo, mtu mwembamba mwenye adabu nyingi. Nyamizi alinihadithia mazungumzo yao neno kwa neno, na nayaandika kama alivyoyasema.

"Bora ungesema amechoka," Bwana Shekoloa alianza. "Kuchoka ni ubinadamu, tungekuonya tu. Lakini umesema imechoka. Umemtoa Mheshimiwa katika ngeli ya watu ukamtia katika ngeli ya nyumba na sufuria."

"Sikumsema yeye. Nimeisema gavana ya mashine."

"Mashine ina gavana?"

"Jenereta zote zinazo."

"Tangu lini?"

"Tangu ilipotengenezwa."

"Aliteuliwa na nani?"

"Haikuteuliwa, Bwana Shekoloa. Ilifungwa kwa bolti."

Bwana Shekoloa aliweka kalamu chini. Alifungua mtoto wa meza, akatoa Katiba, akasoma kwa sauti kwamba hakuna gavana yeyote atakayeshika madaraka ndani ya mipaka ya nchi isipokuwa ameteuliwa na Mtukufu Mlezi wa Taifa na kula kiapo mbele ya watu.

"Kwa hiyo," akasema, na uso wake ulikuwa umeanza kutoka jasho, "miaka yote hii kuna gavana anaongoza humu mwetu bila kuapishwa."

"Anaongoza maji," Nyamizi alisema. Alikuwa amechoka kurekebisha ngeli.

"Maji ni mali ya taifa."

Alasiri ile wakamwachia, tena kwa shukrani nyingi kwa kuifichua hatari. Alifika nyumbani akijicheka, akidhani mambo yameishia kwenye kicheko. Kesho yake askari walifika kituoni na fundi wao, wakaanza kufungua bolti za gavana. Nyamizi alisimama mbele yao akanyosha mikono.

"Hiyo ni mbovu, lakini ndiyo tuliyo nayo. Mlinzi anayesinzia ni afadhali kuliko lango tupu."

"Si wewe uliyesema iondolewe?" akauliza mkubwa wao.

"Nilisema iondolewe na kuwekwa mpya."

"Mpya anakuja."

Wakaibeba, wakaifunga kamba ingawa haikuleta ubishi, wakaifunika turubai na kuondoka nayo. Nyamizi akataka kuyafunga maji mtambo usimame mpaka kieleweke. Akazuiwa. Mtukufu Mlezi wa Taifa, aliambiwa, hawezi kumteua mtu kuongoza kitu kilichosimama. Mtambo uendelee.

Basi ukaendelea, ukichungwa kwa mkono. Milango ya maji ilikuwa na usukani wa dharura, gurudumu la chuma lenye upana wa mikono miwili iliyonyoshwa, ambalo halikukusudiwa kutumika ila siku ya shida. Nyamizi akalishika, akapokezana na fundi wake Matonge na wenzake wa zamu. Mmoja akodolee macho mshale unaoonyesha mwendo, mwingine azungushe: huku kidogo mji ukiwasha pasi, kule kidogo ukizizima. Matonge alikuwa mtu mkubwa, mchekeshaji, kiziwi wa sikio moja kwa sababu ya ile kelele. Baada ya wiki chache aliacha kuchekesha. Nyamizi alikuja kwangu viganja vimepasuka, nikamfunga vitambaa vya pamba vilivyobaki kwenye shati la mteja.

"Mpya atafika lini?" nikamwuliza.

"Usiseme atafika, Mama Shani. Nakuomba."

*

Lakini alifika. Aliitwa Mheshimiwa Hilali Ngwale, mzee mpole aliyekuwa amekaa muda mrefu bila cheo, hata watu wakawa wanamwonea huruma kama mtu aliyepotelewa na viatu msikitini. Uteuzi wake ulitangazwa redioni: Gavana wa Jenereta, mwenye hadhi sawa na magavana wa majimbo, bendera yake mwenyewe, msafara wake mwenyewe, na ofisi yenye zulia iliyojengwa ndani ya ukumbi wa mitambo, mahali palipokuwa na kabati la vipuri.

Nilitakiwa kumshonea joho la kuapia. Wakati nampima mabega aliniuliza majina ya wanangu wote, akayakumbuka. Kisha akasita.

"Mama Shani, wewe ni mwenyeji hapa. Hii jenereta ni ya tabia gani? Nimeambiwa ni kaidi na hupenda kukimbia."

Nilimweleza habari ya mlango na bega, kama nilivyoelezwa. Alisikiliza kwa makini, akasema inafanana na ndoa yake ya kwanza.

Siku aliyoripoti kituoni, hata kabla ya kiapo, alikwenda moja kwa moja kuuhutubia mtambo. Nilikuwepo, nimeitwa kurefusha pindo la suruali yake ya kazi. Wapambe walijipanga nyuma yake. Mzee akakohoa.

"Ndugu Jenereta. Serikali haina ugomvi na mwendo. Mwendo ni maendeleo. Ugomvi wetu ni papara. Wapo waliokimbia wakaanguka, na wapo waliokwenda taratibu wakaanguka vilevile, lakini kwa heshima. Nakuomba tushirikiane. Mlango wangu uko wazi."

Wakati huohuo kiwandani waliwasha kinu cha saruji, mtambo ukalemewa, ukapunguza sauti. Matonge akazungusha usukani, jasho likimtiririka, mpaka mshale ukarudi mahali pake ukatulia. Wapambe wakapiga makofi. Mmoja akasema hajapata kuona utii wa namna ile hata kwa binadamu.

Nyamizi alimfuata mzee ofisini.

"Mheshimiwa, sitaki kukuvunjia heshima. Aliyeutuliza si wewe. Ni Matonge."

"Matonge ndiye nani?"

"Yule aliyeshika usukani."

"Kumbe. Basi huyo ni msaidizi wangu," mzee akasema kwa furaha ya kweli, na palepale akamteua kuwa Naibu wa Kushika. Matonge aliuliza kama cheo hicho kina glavu. Akaambiwa cheo hicho kina hadhi.

"Mheshimiwa, tunachohitaji ni kifaa," Nyamizi akaendelea. "Chuma. Kinawekwa pale kilipoondolewa kile, kinafanya kazi yenyewe, haraka kuliko mtu. Siku mzigo ukidondoka wote kwa pamoja, mikono yetu haitawahi."

Mzee alimtazama kwa huruma kubwa. "Binti yangu, kama kuna kifaa kinachofanya kazi ya gavana, mimi nitakuwa nani?"

Nyamizi aliniambia kwamba swali lenyewe lilikuwa la haki.

*

Siku ya kiapo ilipangwa. Mheshimiwa Tindwa hakupenda kupata gavana mwenzake katika jimbo lake, lakini kwa kuwa hakuweza kuzuia sherehe, aliamua iwe kubwa kuliko zote, ili isemwe aliiandaa yeye. Aliamuru jimbo zima lihudhurie. Mara king'ora cha kiwanda kitakapolia, kila mtu azime mashine yake, afunge duka lake, atoke. Kiwanda cha saruji kizimwe chote.

Nyamizi aliposikia hilo alikwenda ofisini kwa Tindwa, safari hii akiwa amejiandaa kuchunga kila herufi.

"Mheshimiwa, naomba mashine za mji zizimwe kidogo kidogo. Kwanza maduka, kisha mashine za kusaga, kiwanda mwisho. Na nipigiwe simu kabla."

"Mhandisi," Tindwa akasema, "shangwe haiji kidogo kidogo."

"Basi niruhusu niyafunge maji kabla ya king'ora. Sherehe ifanyike mtambo umepumzika."

"Gavana aapishwe mbele ya mtambo uliolala? Watasema tumemteua awe gavana wa kimya."

"Mheshimiwa, ukumbi utakuwa na watu. Mtambo ukiachiwa ghafla utapasuka, na wewe utakuwa umesimama mbele yake."

Tindwa alitabasamu. "Ndiyo maana tumeweka gavana," akasema, akamwita mtu amsindikize mhandisi mlangoni.

Nyamizi alikuja kwangu akaketi. Alichukua kibiringo cha uzi akawa anakizungusha kidoleni.

"Nimesema kwa Kiswahili, Mama Shani," akasema mwishowe. "Si kwa lugha ya kitabu, si kwa hesabu. Nimesema kwa Kiswahili kabisa."

Nilimwambia labda wameelewa wakaamua kuvumilia. Akainuka akaenda zake.

*

Asubuhi ya kiapo ukumbi wa mitambo ulipambwa kwa vitambaa vya rangi za taifa. Wakubwa walisimama mbele ya jenereta kwa kufuata vyeo. Nje kulikuwa na umati na vipaza sauti. Mimi nilikuwa ndani, nimepiga magoti nyuma ya Mheshimiwa Hilali, nimeshika pindo la joho lisiguse mafuta ya sakafuni. Nyamizi na Matonge walikuwa kwenye usukani, pembeni, mahali ambapo wapiga picha hawakuwaelekezea kamera.

Mzee aliinua mkono wa kulia. King'ora kikalia. Mji ukaachia.

Kwanza nilihisi kwenye magoti. Sakafu ilianza kutetemeka kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi. Kisha ule mngurumo tuliouzoea ukapanda, ukawa mluzi, na mluzi ukawa kitu ambacho sina jina lake. Watu wa nje, wakidhani mtambo unashangilia, wakapiga vigelegele. Na baadhi ya wakubwa mle ndani wakapiga makofi.

"Zungusha," Nyamizi alisema. "Matonge, zungusha."

Walikuwa wananing'inia kwenye lile gurudumu kwa uzito wa miili yao, na lilikuwa linakwenda kwa ukaidi, maana bwawa zima lilikuwa limeegemea upande wa pili.

Mheshimiwa Hilali aligeuka akaukabili mtambo. "Ndugu Jenereta, tulia," akasema kwenye kipaza sauti. Kioo cha dirisha la juu kikadondoka. "Tulia, tafadhali."

Mheshimiwa Tindwa ndiye aliyeanza kutoka. Wengine wakamfuata, na hata katika hali ile utaratibu ulizingatiwa: wakurugenzi waliwapisha makamishna, manaibu wakawapisha wakurugenzi, na mkuu mmoja wa idara alirudi ndani kutoka mlangoni kwa sababu alikuwa amemtangulia aliyemzidi cheo. Nami ningetoka, lakini sina cheo, na zamu yangu ilikuwa mbali.

Mzee Hilali hakutoka. Alikuwa amesimama akitazama mtambo kama mtu anayemwona nyoka kitandani kwake. Nyamizi akamwita, bila cheo, bila chochote.

"Babu. Njoo ushike hapa."

Akaja. Alilivua joho langu akalitupa kwenye mafuta, akashika chuma. Mimi nikashika upande wa pili. Tukawa wanne. Nakumbuka mzee alikuwa akisema "haya, haya, haya" kwa sauti ndogo. Nakumbuka harufu ya nyaya zinazoungua. Kisha ulitokea mlio kama wa ngurumo ndani ya debe, na kipande cha chuma kikapita juu yetu, kikampiga Matonge begani, kikatoboa ukuta na kwenda zake mtoni. Matonge alianguka. Sisi tuliobaki tukaendelea kuzungusha, kwa kuwa hapakuwa na jingine la kufanya, mpaka milango ikafika mwisho.

Mtambo ukapunguza polepole, ukilia, ukikoroma, ukasimama. Moshi ulikuwa ukitoka tumboni mwake. Kwa mara ya kwanza mahali pale nilisikia maji ya mto yakipita nje.

Matonge alipelekwa hospitali. Kwa kuwa hapakuwa na umeme, kitanda kilisogezwa dirishani wakamshona kwa mwanga wa jua. Alipona, ila mkono ule haunyanyuki tena.

*

Redio za betri zilitangaza kwamba Jenereta ilijaribu kuvunja sheria mbele ya maelfu ya mashahidi na Gavana akaidhibiti kikamilifu. Mheshimiwa Tindwa alipewa nishani kwa kuandaa mazingira ya ushindi. Ikaundwa tume ya kumsikiliza Mheshimiwa Hilali ili maneno yake yaingie kwenye historia. Mzee alifika mikono yake imefungwa bandeji.

"Sikudhibiti kitu," aliwaambia. "Nilishika chuma kwa sababu niliambiwa nishike. Mtambo hauna haja na mimi. Unahitaji kutengenezwa, na unahitaji kile kifaa mlichokiondoa, au kipya. Huyu mhandisi amewaambia tangu mwanzo. Aliniambia na mimi, nikamjibu upuuzi."

Bwana Shekoloa, aliyekuwa katibu wa tume, akauliza swali moja tu. "Ni kweli kwamba ulilivua joho ukiwa kazini?"

"Nililivua."

Akafukuzwa kwa kosa la kuvua madaraka hadharani. Mahali pake akateuliwa kijana mmoja mrefu, mwenye suti nzuri, aliyeagizwa asivue chochote kwa hali yoyote. Mzee Hilali alipita kibarazani kwangu kuniomba radhi kwa ajili ya joho. Aliwauliza wanangu hali, kila mmoja kwa jina lake, akaenda zake kwa miguu.

Nyamizi naye aliomba waya mpya, gavana mpya na mafundi. Alijibiwa kwa amri: Sikukuu ya Taifa imekaribia, mtambo uzunguke. Siku amri ilipotolewa Bwana Shekoloa alipanda mwenyewe kituoni, na Nyamizi akiwa peke yake ukumbini.

"Fungua maji, Mhandisi."

"Siwezi. Mtambo umeungua ndani, na hauna gavana."

"Gavana yupo. Yuko nje kwenye gari, kiyoyozi kimewashwa."

Nyamizi aliniambia baadaye kwamba hakuwa na hasira tena. Ilikuwa kama kiu iliyozidi mpaka mtu haisikii. Alisogea kando ya usukani.

"Fungua wewe, Bwana Shekoloa. Ni kuzungusha tu. Mimi nitatoka nje kwanza."

Bwana Shekoloa alilishika gurudumu. Alitazama mtambo. Kisha akatazama lile tundu ukutani, ambalo kupitia kwake mbingu ilionekana, na chini yake damu ya Matonge ambayo haikutoka hata iliposuguliwa.

"Mimi nina watoto," akasema kwa sauti ya chini.

"Matonge pia anao."

Akaliachia gurudumu, akajifuta mikono kwa leso, akatoka nje. Nyamizi alimsikia akipiga simu makao makuu. "Mtambo unazunguka, Mheshimiwa. Ndiyo. Mwendo mzuri sana."

*

Tangu hapo umeme upo. Imetangazwa. Anayesema haupo anamwita Bwana Shekoloa mwongo, na hilo ni kosa. Sisi raia wema tukashika taratibu. Tunapeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga, mwenye mashine anayapokea, anayamimina, anabonyeza swichi, anasubiri kidogo kwa heshima, halafu anaturudishia mahindi yetu. Tunamshukuru. Kisha tunakwenda nyumbani kutwanga.

Nyamizi hakurudi kituoni, na hakuna aliyemwita, kwa kuwa mtambo unaokwenda vizuri hauhitaji mhandisi. Asubuhi moja tulikuwa uani kwangu, yeye na mimi, kinu kimoja na michi miwili, tukipokezana. Ua wa pili nao walikuwa wakitwanga, na wa tatu, na mtaa mzima, mpaka ng'ambo ya mto. Gari la Gavana mpya likapita barabarani, likasimama mbele ya ua wangu. Kioo kikashuka. Kijana akatoa kichwa nje akasikiliza jinsi ardhi ilivyokuwa ikidunda, na uso wake ukang'aa. Bwana Shekoloa alikuwa amekaa kando yake, akitazama magoti yake mwenyewe.

"Unausikia?" kijana akamwambia. "Ndio mtambo wetu huo. Taratibu, kwa adabu. Haukimbii tena."

Nyamizi alisimamisha mchi. Alimtazama yule kijana kwa muda mrefu, na nilidhani atasema jambo, nikashikwa na hofu, kwa kuwa nilimjua hawezi kusema uongo. Badala yake aliinua mchi akaushusha kwa nguvu, akauinua tena, upesi zaidi, na mara hiyo mimi pia nikaona mikono yangu inamfuata. Ua wa pili wakatusikia wakaongeza. Sijui ilikwendaje huko kwingine, lakini mtaa wote ukaharakisha.

Kijana akaiona michi yetu, akakunja uso. "Punguzeni mwendo," akasema kuelekea uani, kwa sauti ya ofisi. "Nasema punguzeni mwendo."

Nyamizi akaongeza. Jasho lilimchirizika mpaka kwenye vile vitambaa vya viganjani, na hakutazama barabarani tena. Kioo kikapanda, gari likaondoka, na sisi hatukuacha mpaka mahindi yakaisha.

Unga ulitoka laini sana siku ile.